Nusu kaputi kwa mgonjwa wa kiharusi: hofu iko wapi, na hatari iko wapi

"Daktari, mkimpiga nusu kaputi ataamka kweli?"

Swali hili naulizwa karibu kila mara mgonjwa wa kiharusi anapoletwa thieta. Anayeuliza mara nyingi ni binti wa mgonjwa, kalamu anayo mkononi, fomu ya ridhaa bado hajaisaini. Nami simlaumu. Baba aliyekunywa chai mezani asubuhi, sasa mdomo umepinda na mkono wa kulia hauinuki, halafu anatokea mtu asiyemjua, amevaa kofia na barakoa, anamwambia anataka kumlaza baba yake usingizi. Nani asingeogopa?

Mimi ni daktari wa usingizi. Hofu ya huyo binti wenzangu katika fani hii waliwahi kuwa nayo pia, wakaamua kuichunguza, na walichokipata kinapaswa kuwafikia wanaosaini zile fomu.

Kiharusi kiko cha aina mbili. Katika aina ya kwanza mshipa wa damu unaziba na sehemu ya ubongo inakosa damu. Katika ya pili mshipa unapasuka na damu inavujia ndani ya ubongo au juu yake. Kwa kumtazama tu mgonjwa, hata mimi siwezi kusema kwa uhakika ni ipi. Inayosema ni picha ya CT scan. Kwa hiyo msimpe mgonjwa aspirini nyumbani, kwa maana kama mshipa umepasuka mtakuwa mmemzidishia kuvuja. Ule ujumbe unaozunguka WhatsApp wa kumchoma sindano ncha za vidole hadi damu itoke, futeni. Unapoteza dakika na hausaidii kitu.

Dakika hizo ni za thamani. Ubongo ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini unakula karibu asilimia 20 ya oksijeni yote, na hauna ghala la akiba. Makadirio yaliyochapishwa Marekani mwaka 2006 yanasema mshipa mkubwa ukiziba, seli za neva milioni 1.9 hufa kila dakika. Ila hazifi zote kwa mara moja. Fikiria bustani ya mchicha ambayo mfereji wake umeziba. Matuta ya katikati yamekwisha kauka. Ya pembeni yamenyauka, lakini ukiyawahi na maji yatainuka tena. Yanaishi kwa maji kidogo yanayopenya kutoka mifereji ya jirani. Ndani ya kichwa, kinachosukuma hayo maji kidogo ni presha ya damu.

Na dawa za usingizi, karibu zote, zinashusha presha.

Mwaka 2015 zilichapishwa tafiti 5 zilizothibitisha kwamba donge la damu lililoziba mshipa mkubwa linaweza kuvutwa kwa mrija mwembamba, unaopitishwa kwenye mshipa wa kinena hadi kichwani, na kwamba wagonjwa wengi zaidi hurudi kujitegemea. Hapo likazuka swali: wakati wa kazi hiyo, mgonjwa alazwe usingizi kamili, au apewe dawa ya kumtuliza tu huku anapumua mwenyewe? Takwimu za miaka ya nyuma zilionyesha waliolazwa usingizi kamili waliishia vibaya, na madaktari wengi wakaanza kuukwepa. Lakini takwimu hizo zilikuwa na kasoro kubwa. Waliolazwa kabisa wengi walikuwa hoi tangu mwanzo: wanatapika, hawajitambui, hawatulii mezani. Ukihesabu hivyo utasema wodi ya mahututi inaua, kwa sababu wengi hufia humo.

Ikabidi wagonjwa wagawanywe kwa kura, ili walio hoi na walio afadhali wawepo pande zote mbili. Heidelberg, Ujerumani, walifanya hivyo kwa wagonjwa 150, matokeo yakatoka mwaka 2016. Gothenburg, Sweden, wakafuata na wagonjwa 90, kisha Aarhus, Denmark, na 128. Popote pale, usingizi kamili haukuonekana kuwa na madhara zaidi. Heidelberg miezi 3 baadaye waliojitegemea walikuwa asilimia 37 kwa waliolazwa kabisa na 18 kwa waliotulizwa tu. Mimi siijengi hoja yangu juu ya namba hiyo, kwa kuwa halikuwa swali kuu la utafiti wao, na utafiti mkubwa zaidi wa Ufaransa, wenye wagonjwa zaidi ya 300, haukuona tofauti. Ninachokishika ni kwamba katika tafiti hizi presha ililindwa kwa masharti. Namba ya juu ilitakiwa ibaki 140 au zaidi, tangu sindano ya kwanza mpaka mwisho.

Tazama basi ninavyofanya. Kabla mgonjwa hajafumba macho, sindano ya dawa ya kupandisha presha imeshafungwa kwenye pampu na mrija wake umeunganishwa. Ikiwezekana bila kuchelewesha, naingiza kamrija kadogo kwenye mshipa wa kifundo cha mkono, kananionyesha presha kila moyo unapopiga. Ndipo nasukuma propofoli, ile dawa nyeupe kama maziwa, taratibu, jicho liko kwenye namba. Ilikuwa 156. Ikiwa 148 kidole changu kimeshafika kwenye pampu. Baada ya hapo naangalia hewa anayotoa. Mashine ikimpumulisha haraka mno, kabonidayoksaidi inapungua mwilini, mishipa ya ubongo inajibana, na yale matuta ya pembeni yanakosa hata yale maji kidogo. Kosa hili halipigi kelele. Mgonjwa analala kwa amani huku ubongo wake unakauka.

Mshipa ukiwa umepasuka, hesabu inageuka: presha kubwa inaendelea kusukuma damu nje. Hapa kuna utafiti ninaoupenda kuliko wote, uliochapishwa mwaka 2023, wenye wagonjwa zaidi ya 7,000 wa kuvuja damu ndani ya ubongo, karibu wote kutoka nchi za kipato cha chini na cha kati, Nigeria ikiwemo. Hakukuwa na dawa mpya wala mashine ya mabilioni. Walishusha namba ya juu ya presha chini ya 140 ndani ya saa 1, wakadhibiti sukari, wakashusha homa, na aliyekuwa anatumia dawa za kuzuia damu kuganda akapewa za kuzitangua. Yote yalifanywa kwa pamoja na kwa haraka. Miezi 6 baadaye, waliohudumiwa hivyo walikuwa na hali bora na waliokufa walikuwa wachache. Hospitali nyingi za kwetu bado hazina uwezo wa kuvuta donge, lakini haya yanawezekana kwa vitu tulivyonavyo.

Si kila wazo zuri lilisimama. Kwa miaka mingi madaktari wa usingizi waliamini kwamba kumshusha mgonjwa joto hadi nyuzi 33 wakati wa kuziba uvimbe wa mshipa uliopasuka kichwani kunaukinga ubongo. Michael Todd, daktari wa usingizi wa Iowa, na wenzake wakalipima wazo hilo kwa wagonjwa 1,001. Matokeo ya mwaka 2005 hayakuonyesha faida yoyote.

Kwetu tatizo si dogo. Utafiti wa wilaya ya Hai na Dar es Salaam, hapa Tanzania, wa mwaka 2003 hadi 2006, baada ya kusawazisha umri, ulikuta viharusi vipya 108.6 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka Hai, na 315.9 Dar es Salaam. Vingi huanzia kwa mtu aliyeacha vidonge vya presha kwa sababu anajisikia mzima. Kiharusi kikishaanza, msimpasulie kidonge cha presha chini ya ulimi, maana hamjui kama mshipa umepasuka au umeziba, na kama umeziba, presha ndiyo inayomshikilia. Msimpe chakula wala maji, vinaweza kuingia kwenye mapafu. Chukueni vidonge vyake vyote na maboksi yake, mje navyo.

Namjibu yule binti hivi: wengine hawaamki, na mara nyingi kinachowazuia ni kiharusi chenyewe kuliko usingizi wangu. Sitatoka pembeni ya kichwa cha baba yako mpaka kazi iishe. Sasa nisaidie, mama: mara ya mwisho kumsikia anaongea vizuri ilikuwa saa ngapi?