Kufuli la Kivinjari Halifungi Kabati Lako

Wiki hii ni mara ya tatu. Mpiga picha za harusi ananionyesha programu ya ankara, namuuliza hesabu zake zinakaa wapi, anagusa kioo cha simu: "Si unaona kuna kufuli?"

Jamani. Kufuli hilo la kando ya anwani ya tovuti linasema jambo moja: kutoka kwako hadi kwenye seva, yaani kompyuta ya wenye programu, wa njiani hasomi. Ni bahasha iliyogundishwa, na aliyepelekewa ndiye anayeifungua. Google wenyewe waliliondoa kwenye Chrome mwaka 2023, maana watu walidhani ni alama ya uaminifu, ilhali tovuti za matapeli zinalo pia.

"Lakini data imesimbwa," yaani imegeuzwa isisomeke bila ufunguo. Ufunguo anao nani? Ukisahau nywila, ukabonyeza kiungo kwenye barua pepe na hesabu zako zote zikarudi, basi wanao wao. Sisemi ni vibaya. Mimi mwenyewe natumia ya aina hiyo, kwa sababu anayeshika ufunguo peke yake akiupoteza, vitabu vya hesabu vimekwenda, na KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, wanataka kumbukumbu za miaka 5.

Uthibitishaji wa hatua mbili, yaani nywila pamoja na uthibitisho wa pili: washa, tuendelee.

Kinachonichoma ni M-Pesa. Programu inaomba kusoma SMS "ili ipange miamala", unakubali. Umeipa pia jumbe za benki, namba za siri za kuingilia na maneno ya mkeo. Au unapakia taarifa ya miezi sita, nywila ya PDF umeshaitoa. Humo mna majina ya maharusi, nani alilipa kwa mafungu, nani alikuzungusha. Hizo ni data za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inakuhusu. Ndiyo, mwenye mapato chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi chini ya 10 kwa kawaida halazimiki kujisajili kwa Kamishna wa Data. Kusamehewa usajili si kusamehewa sheria!

Mimi huingiza jedwali nililolisafisha: tarehe, kiasi, namba ya ankara. Inachosha, sikatai.

Na wakikuambia "tumefuta"? Haki ya kuomba ifutwe unayo, lakini nakala zao za akiba huwezi kuzikagua. Kwa miaka yote ya kazi hii sijapata dawa yake, ila kuingiza kidogo tangu mwanzo.

Yule mpiga picha alinuna nilipomwambia aondoe ruhusa ya SMS. Aliiondoa palepale, na programu ikaendelea kutoa ankara kama kawaida.