Pumu, moyo na bomba la moshi: maswali kuhusu hewa jirani na mitambo ya umeme na mafuta

Moshi siuoni, harufu siisikii. Kuna hatari gani?

Hapo ndipo wengi tunapodanganyika. Chembe zinazodhuru zaidi hazizidi mikromita 2.5 kwa upana. Unywele mmoja ni mnene mara 25 hivi kuliko chembe hizo. Vumbi la barabarani hunaswa puani, ukapiga chafya likatoka. Chembe hizi hushuka mpaka kwenye vifuko vidogo vya mapafu, na zilizo ndogo kabisa huingia kwenye damu. Ndiyo maana hewa chafu huleta shambulio la moyo na kiharusi, si kikohozi tu. Tangu mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani linashauri wastani wa chembe hizo kwa mwaka usizidi mikrogramu 5 katika kila mita moja ya ujazo wa hewa.

Mtambo uko mbali na kwangu. Si niko salama?

Bomba refu haliondoi moshi, linaupeleka kwa majirani wa mbali. Mkoani Mpumalanga, Afrika Kusini, kuna mitambo mingi ya umeme wa makaa ya mawe, na pale Secunda makaa hugeuzwa kuwa mafuta ya magari. Bomba moja la Secunda lina urefu wa takriban mita 300. Gesi ya salfa itokayo huko hubadilika angani kuwa chembe laini, na upepo huzibeba kilomita mamia. Mwaka 2022 mahakama ya Pretoria iliamua kwamba hewa ya eneo hilo inavunja haki ya kikatiba ya wakazi kuishi katika mazingira yasiyodhuru afya. Waliofungua kesi walikuwa wanaharakati wa mazingira, wakiwemo wenyeji wa Mpumalanga.

Na viwanda vya kusafisha mafuta?

Huko huongezeka benzini, mvuke unaovuja kwenye matangi na mabomba. Ukivutwa kwa miaka husababisha saratani ya damu. Kusini mwa Durban, shule ya msingi ya Settlers ilikuwa katikati ya viwanda viwili vya mafuta. Watafiti waliowapima wanafunzi wake miaka ya mwanzo ya 2000 walikuta takriban nusu yao wana pumu. Nusu ya darasa! Mimi nikisoma takwimu hiyo huwaza mwalimu anayefundisha huku akisikiliza vifua vya watoto.

Nani huumia zaidi?

Watoto, wajawazito, wazee, na wenye pumu au ugonjwa wa moyo.

Nifanye nini nyumbani?

Moshi ukitanda, funga madirisha ya upande unaotoka upepo, na watoto wasicheze mpira nje. Usiongeze moshi wa ndani: taka zisichomwe, na jiko la mkaa lipelekwe nje penye hewa. Barakoa ya kitambaa haizuii chembe laini. Ile ya N95 ikibana uso vizuri husaidia, ingawa mtoto mdogo haimkai.

Mwenye pumu asiache dawa ya kukinga, ile ya kila siku, kwa sababu leo anajisikia vizuri. Mtoto akipumua hadi mbavu zinaingia ndani, akishindwa kumaliza sentensi, au midomo ikibadilika rangi, mpe dawa yake ya kuvuta ya kufungua kifua na mkimbize hospitali mara moja.

Hayo yanatosha?

Hayatoshi, na si haki kumbebesha mama mzigo wa bomba la moshi. Kinachopunguza ugonjwa ni vichujio vya chembe na mitambo ya kuosha salfa, au kutojenga kabisa. Kule Lamu, mwaka 2019, baraza la kisheria la mazingira la Kenya lilifuta leseni ya mtambo wa makaa wa megawati 1,050, sababu moja ikiwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Kwa hiyo mkiitwa mkutanoni kuhusu mtambo mpya, nendeni, mkaulize: vipimo vya hewa vitafungwa wapi, na matokeo tutayasoma wapi kila siku?