Je, wajua kwa nini picha iliyochapwa na jua hufichwa jua ikifika kwenye maonyesho?

Ukiingia katika jumba la picha, angalia kona yenye mwanga mdogo kuliko nyingine. Mara nyingi hapo ndipo zinapotundikwa sianotaipu, picha za buluu iliyokolea zinazochapwa kwa jua na kuoshwa kwa maji. Wageni wengi hudhani taa zimepunguzwa ili kuleta utulivu. Wengine husema adui ni flashi za kamera, kwa sababu mlangoni pana tangazo la kuzikataza. Dhana zote mbili si sahihi, na hii ya flashi ndiyo ngumu zaidi kuing'oa.

Mwanga unaoangukia mahali hupimwa kwa luksi. Kwa picha zinazopauka haraka, majumba mengi hayazidishi luksi 50, na jua la mchana hufika luksi 100,000. Saa 1 juani, basi, ni sawa na saa 2,000 chini ya taa hizo hafifu, yaani siku 250 za maonyesho ya saa 8. Flashi ya kamera ndogo ikimulika kutoka mita 3 huongeza mwanga wa sekunde chache tu za taa zilezile. Picha haibagui mwanga uliokuja kwa kishindo na uliokuja kwa upole, yote inajumlisha. Haba na haba hujaza kibaba, na kwa picha za kawaida za rangi kibaba kikishajaa hakimwagiki tena. Taa ya luksi 50 isiyosumbua jicho la mtu, ikiwaka saa 8 kila siku kwa siku 90, imekwisha kuweka luksi-saa 36,000, yaani luksi mara saa. Hesabu hii ya flashi ni ya mimuliko ya hapa na pale. Jumba linalopokea maelfu ya wapiga picha kila siku lina sababu ya kuwa na hadhari zaidi. Lakini mara nyingi flashi hukatazwa kwa kuwa inawakera wageni wengine na kwa ajili ya haki za wenye picha.

Sianotaipu, hata hivyo, haifuati sheria ya kibaba. John Herschel aliivumbua Uingereza mwaka 1842, na mwaka uliofuata Anna Atkins akaanza kuchapa kwayo picha za mwani. Baadaye ikatumika kunakili michoro ya majengo. Siku hizi inapendwa na wapiga picha wanaofanya kazi bega kwa bega na jamii, kwa sababu haihitaji umeme wala chumba cha giza totoro. Mtu ambaye habari ni yake hupaka karatasi dawa kwa mkono wake, hupanga juu yake majani, kipande cha wavu au negativu (picha yenye weupe na weusi uliogeuzwa) iliyotokana na simu yake na kuchapwa kwenye plastiki angavu, kisha huiona picha ikijitokeza ndani ya karai.

Rangi yake ni buluu ya Prussia. Fikiria daladala mbili zimeegeshwa ubavu kwa ubavu. Moja imejaa, nyingine ina kiti kimoja kitupu. Abiria wa ile iliyojaa anaweza kurukia kiti hicho akipata nguvu kidogo. Ndani ya buluu hii mna chuma cha aina mbili kilichopangana hivyo hivyo, na abiria ni elektroni. Nguvu ya kuruka huitoa kwenye mwanga mwekundu na wa chungwa. Mwanga huo ukishamezwa, unaobaki kutufikia machoni ni wa buluu. Kwa maneno mengine, rangi yote inategemea kile kiti kitupu.

Mwanga ukizidi, abiria wa ziada hutoka kwenye karatasi yenyewe na kupanda. Viti vikijaa hapana pa kurukia, mwanga mwekundu haumezwi tena, na picha inapauka. Lakini daladala zote zipo pale pale! Ukiiweka picha gizani, oksijeni ya hewani huwashusha abiria wale wa ziada, viti vinabaki wazi, na buluu inarudi. Hurudi kwa siku au wiki kadhaa, kutegemea karatasi na jinsi ilivyopauka, na picha iliyopaushwa tena na tena huenda isirudi ilivyokuwa mwanzo.

Kwa hiyo kona yenye giza ni mapumziko ya kweli. Ndiyo maana pia sianotaipu haifungiwi ndani ya fremu iliyoondolewa oksijeni, njia inayosaidia rangi nyingine nyingi. Hata kadibodi yenye chokaa, ambayo wahifadhi huipendelea kwa nyaraka nyingi, haiifai, kwa kuwa chokaa ni alkali, yaani kinyume cha asidi, na alkali huivunja buluu ya Prussia moja kwa moja.

Alkali hiyohiyo ndiyo huharibu kazi za warsha huku Pwani. Kipimo cha dawa ya kupaka kinachotumika sana ni gramu 25 za feri amonia sitreti katika mililita 100 za maji, na gramu 10 za potasiamu ferisianidi katika mililita 100 nyingine. Changanya kiasi sawa cha kila kimoja muda mfupi kabla ya kupaka. Mililita 2 zinatosha karatasi ya A4, hivyo watu 20 wakichapa nakala mbili kila mmoja, moja ya nyumbani na moja ya maonyesho, andaa mililita 80. Karatasi zikauke kivulini ndani ya chumba na zitumike siku hiyohiyo, maana unyevu wa Pwani huzichafua. Juani, sehemu zilizo wazi hutoka kijani-njano hadi buluu, kisha kijivu kama majivu, na hapo ndipo pa kutoa. Osha hadi maji yasiwe na umanjano. Maji ya kisima yaliyopita kwenye mawe ya matumbawe yana chokaa, na karai lililofuliwa nguo lina mabaki ya sabuni. Vyote viwili huweza kupausha picha, na kiti kitupu hakihusiki hapa, wala giza halitairudisha. Tia kijiko kikubwa cha siki nyeupe kwa kila lita ya maji ya kwanza. Siki ya jikoni haina neno, ila asidi kali kama ya betri isikaribie kabisa, kwa sababu ikikutana na ferisianidi huweza kutoa gesi ya sumu.

Atakaye kuliona jambo hili kwa macho yake afunike nusu ya sianotaipu kwa kadibodi, aiache dirishani mpaka nusu iliyo wazi ipauke, kisha aitie kwenye droo isiyobana hewa na aichungulie kila wiki.