Taa ya eabegi ya abiria: inaposema na inaponyamaza

Gari la familia linaweza kuwa na taa mbili ambazo wengi wetu hapa Arusha na Moshi tunaziita kwa jina moja tu, "taa ya eabegi", wakati kila moja ina ujumbe wake. Ya kwanza ina picha ya mtu aliyeketi akiwa na duara mbele ya kifua, au imeandikwa SRS, kifupi cha Kiingereza cha mfumo wa eabegi. Ukiwasha swichi huwaka kwa sekunde kama sita, kisha huzimika. Ikiendelea kuwaka, kompyuta ya eabegi, yaani ya ile mifuko ya hewa inayofyatuka gari likigonga, imeona hitilafu mahali fulani kwenye mfumo. Ya pili hukaa katikati ya dashibodi au juu karibu na kioo cha ndani, nayo ina neno OFF pembeni ya picha ya abiria. Hii haisemi kwamba kuna ubovu. Inasema eabegi ya abiria wa mbele imezimwa kwa makusudi, ama kwa sababu siti ni tupu, ama kwa sababu aliyeikalia ni mwepesi mno, ama kwa sababu mtu ameizima kwa swichi.

Anayezichanganya ataishia kumlipa fundi atafute ugonjwa usiokuwepo, au ataendesha mwaka mzima gari ambalo siku ya ajali huenda lisifungue mfuko hata mmoja.

Kwa nini mtu azime kitu kilichowekwa kuokoa maisha? Kwa sababu eabegi inaokoa kwa kupiga. Mfuko hutoka kwa mwendo unaofikia kilomita 300 kwa saa, na kufumba na kufumbua umeshajaa na kuanza kunywea. Wa abiria ni mkubwa kuliko wa dereva, maana upande ule hakuna usukani na nafasi ya kujaza ni kubwa. Mtu mzima aliyefunga mkanda na kuegemea nyuma hukutana nao ukiwa umeshajaa. Mtoto aliyesimama akishika dashibodi, au kichanga kilicho kwenye kiti chake kikitazama nyuma, hukutana nao ukiwa bado unatoka, na hapo ndipo unapoua. Kati ya mwaka 1990 na 2008, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani ilihesabu vifo zaidi ya 290 vilivyosababishwa na eabegi za mbele zenyewe, tena kwenye ajali za mwendo mdogo ambazo watu wangeshuka wakalalamikia bampa tu. Wengi wa waliokufa walikuwa abiria, na karibu abiria wote hao walikuwa watoto.

Marekani ikabadilisha kanuni zake mwaka 2000, na kuanzia magari ya 2004 watengenezaji wakaanza kulazimika kuweka eabegi zinazotambua nani amekaa mbele. Ndipo siti ikafundishwa kupima.

Inapimaje? Ziko njia kadhaa. Baadhi ya siti zina mfuko mwembamba wenye ute mzito chini ya sponji. Ukikaa, ute unabanwa na sensa, yaani kifaa cha kuhisi, inasoma mgandamizo. Nyingine zina sensa nne kwenye miguu ya siti, pale inapofungwa kwa bolti sakafuni, kwa hiyo siti nzima iko juu ya mizani kama gunia la mahindi. Nyingine hazipimi uzito bali husoma mwili wenyewe kwa umeme hafifu, kwa kuwa mwili wa binadamu una maji mengi na sponji haina. Majibu yanakwenda kwenye kompyuta, nayo inaamua: akiwa mtu mzima, eabegi iwe tayari; akiwa mtoto au siti ikiwa tupu, izimwe na taa ya OFF iwake. Mpaka wa kujaribia "mtu mzima" kwenye kanuni ile ya Marekani ni mwanamke mdogo wa kilo 49 hivi.

Hapo ndipo vituko vinapoanzia. Binti mwembamba akikaa ukingoni mwa siti, au akiegemea mlango huku mkono mmoja umeshika dashibodi, uzito wake unagawanyika na OFF inawaka ilhali ni mtu mzima. Tiba yake ni kukaa vizuri, mgongo nyuma, miguu chini. Siti iliyolowa nayo huvuruga zile sensa za umeme. Na ukiitoa siti ili ishonwe upya, zile za mizani zinatakiwa zipimwe upya kutoka sifuri kwa mashine. Ukirudisha siti na kukaza bolti tu, kompyuta inabaki na hesabu ya zamani.

Sasa tuje kwenye barabara yetu. Magari ya familia yaliyojaa hapa ni Noah, Voxy, Serena na Alphard, na karibu yote yalitengenezwa kwa ajili ya soko la Japani, ambako ile kanuni ya Marekani haikuhusika. Mengi hayana mizani kwenye siti wala taa ya OFF. Kinachokuwepo mara nyingi ni mkeka mwembamba ndani ya siti ya mbele unaofanya kazi ya taa ya mkanda tu. Ukitoka soko la Tengeru na mkungu wa ndizi umeuweka mbele, taa ya mkanda itawaka na huenda gari likaanza kulia pii-pii, likidhani umebeba mtu asiyejifunga. Wengi wakiona hivyo huhitimisha kwamba gari lina akili na linajua nani kakaa pale. Halijui. Mkeka ule hauna neno lolote na eabegi. Gari likigonga kwa nguvu ya kutosha, mfuko wa abiria utatoka, awe amekaa mwanamume wa kilo 90 au mtoto wa miaka mitatu.

Ndiyo maana ninachokiona kila siku kwenye Noah za Arusha kwenda Moshi kinanitisha kuliko mwendo kasi. Mama amepewa siti ya mbele kwa heshima, kwa kuwa ana mtoto. Amempakata, na mkanda mmoja umewazungushia wote wawili. Kichwa cha mtoto kiko sentimita chache kutoka kwenye kifuniko cha eabegi, na juu ya kifuniko hichohicho dereva ameweka boksi la tishu na kishikio cha simu. Breki kali pekee inatosha kumbana mtoto kati ya mkanda na uzito wa mama yake. Eabegi ikifunguka, inampiga mtoto kwanza, pamoja na lile boksi na kile kishikio. Mama mwenye mtoto akae nyuma, na dereva anayemwambia "dada, njoo mbele upate nafasi" ndiye wa kwanza anayepaswa kulijua hili.

Kujua kama gari lako linaweza kuizima eabegi hiyo, tafuta vitu viwili. Taa ya OFF, ambayo ukiwasha swichi inapaswa kuonekana walau kwa sekunde chache, au swichi ya ufunguo ubavuni mwa dashibodi, inayoonekana ukifungua mlango wa abiria. Usipoona chochote, chukulia kwamba eabegi iko tayari muda wote. Kibandiko kwenye kinga ya jua chenye picha ya kiti cha mtoto kilichokatwa mstari hakikuwekwa kwa urembo.

Turudi kwenye ile taa ya SRS inayogoma kuzima. Mara nyingi chanzo ni kidogo: plagi ya njano chini ya siti ya mbele. Siti inasogezwa mbele na nyuma, wanaoosha gari wanamwaga maji ndani, vumbi letu linamalizia kazi, na plagi inalegea au kushika kutu. Ikiwa honi nayo haifanyi kazi, ni vyema fundi aanzie kwenye utepe wa waya uliojikunja nyuma ya usukani, unaopitisha umeme wa honi na wa eabegi ya dereva. Lakini hii si kazi ya kubahatisha kwa taa ya majaribio. Waya za njano zinaweza kufyatua mfuko usoni mwa fundi. Betri inachomolewa kwanza, na kwenye Toyota unasubiri walau sekunde 90 kabla ya kugusa kitu.

Wapo mafundi wenye mkato wao, hasa kwenye gari lililowahi kugonga na eabegi zake hazikurudishwa. Anapachika rizista ndogo (kipande kinachopunguza umeme) mahali pa mfuko ili kompyuta ione kila kitu kiko sawa. Mwingine anachomoa balbu, au anaiunga taa ya SRS kwenye taa ya oili ziwake na kuzimika pamoja. Kwa hiyo unaponunua, washa swichi bila kupiga stata na uangalie dashibodi. Taa ya SRS isiyowaka kabisa ni mbaya kuliko inayokataa kuzima. Na ile inayozimika sekunde hiyohiyo injini inapowaka, sawia na ya oili, imechezewa. Rizista haitaonekana hivi. Hapo itabidi fundi afungue vifuniko aone kama mifuko ipo.

Kuna kasoro moja ambayo taa haiwezi kukuonyesha hata mfumo ukiwa mzima: eabegi za Takata, kampuni ya Japani, ambazo kemikali yake ya kufyatua huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi na kuweza kurusha vipande vya chuma. Mamilioni ya magari ya kampuni nyingi za Japani yaliitwa kurudishwa, na kampuni yenyewe ikafilisika mwaka 2017. Mashine ya kupimia haioni kitu kwa sababu nyaya zote ni salama. Njia ni kuchukua namba ya chesesi na kuiingiza kwenye ukurasa wa mtengenezaji wa Japani unaoonyesha magari yaliyoitwa, au kumwomba muuzaji wa huko akuangalizie kabla hujatuma hela.