Kadi ya SHA Haina Dawa Ndani Yake

Nimechoka, na nasema hivyo kwa heshima zote, kuitwa mwizi na kijana aliyevaa vizuri, mbele ya mama yake mzazi, kwa sababu nimemtoza mama huyo pesa za dawa za presha ilhali "ana SHA", ile bima ya afya ya serikali, "na ameshapita miaka sabini". Mimi ni mfamasia mjini Kisumu, upande wa Kondele, na imani hii ya kwamba umri ukijumlishwa na usajili huzaa vidonge vya bure popote mzee anapovihitaji huletwa dukani mara nyingi zaidi na watoto kuliko na wazee wenyewe. Wazee wanaijua hali ilivyo, kwa kuwa ndio wanaopanga foleni.

Tuanze na umri. Katiba ya 2010 humhesabu mtu aliyepita miaka 60 kuwa mwanajamii mzee, na Kifungu cha 57 kinataka watu hao wapate matunzo na msaada unaofaa kutoka kwa familia zao na kutoka kwa serikali. Wanaonisomea kifungu hicho dukani husahau kila mara kwamba familia imetajwa humo. Mpango wa Inua Jamii huwapa walio na miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi, lakini hizo ni fedha za matumizi na si bima ya dawa. Zimewahi kuwapo kaunti, Makueni ikiwa mfano unaotajwa sana, zilizowahudumia wazee bila malipo katika hospitali zao, na tatizo la habari njema kama hizo ni kwamba huvuka mipaka ya kaunti huku masharti yake yakibaki nyuma.

Sasa SHA yenyewe. Mamlaka ya Afya ya Jamii ilichukua nafasi ya NHIF, ule mfuko wa zamani wa bima ya hospitali, tarehe 1 Oktoba 2024, na chini yake kuna hazina tatu ambazo watu wengi huzichanganya. Hazina ya Afya ya Msingi hulipia huduma katika zahanati na vituo vya afya, yaani ngazi ya 2 na ya 3, na mzee huhudumiwa huko hata kama hajalipa mchango wowote, mradi amesajiliwa. Hazina ya Bima ya Afya ya Jamii hugharimia zaidi kulazwa, upasuaji na huduma nyingine za hospitali kubwa, na hiyo ndiyo inayodai mchango. Ya tatu ni ya dharura na magonjwa sugu na mahututi, na jina lake limeniletea maswali mengi kuliko hazina zile mbili zikiunganishwa, kwa sababu mtu akisikia "magonjwa sugu" hufikiri mara moja kisukari cha baba yake na metformini ya kila mwezi. Kwa magonjwa sugu, hazina hiyo iliwekwa ili kubeba gharama baada ya kiwango cha bima kumalizika. Haikuwekwa ili kumjazia mzee chupa ya vidonge. Na duka la rejareja kama langu halimo katika mpangilio huo hata kidogo, kwa hiyo kunionyesha kadi ya SHA ili nikupe dawa bure ni kunionyesha picha tu.

Kuhusu mchango nitasema kwa ufupi. Kaya isiyo na mshahara hukadiriwa mapato yake, hutozwa asilimia 2.75, kiwango cha chini kikiwa shilingi 300 kwa mwezi, na hutakiwa kulipa mwaka mzima kwa pamoja. Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 inasema kwamba wasiojiweza hulipiwa na serikali, lakini lazima mtu atambuliwe kwanza kuwa hajiwezi. Kazi hiyo huanzia kwa mhudumu wa afya ya jamii na kwa naibu wa chifu, wala haianzii kwangu. Aliyelazwa katika hospitali ya umma na kushindwa kulipa amuone afisa wa ustawi wa jamii kabla ya siku ya kuruhusiwa, kwa sababu ombi la msamaha wa ada husikilizwa vizuri zaidi wakati mgonjwa angali wodini kuliko jamaa wanapokwisha kuanza kugombana na mhasibu.

Jambo ambalo kwa kweli huamua kama mzee atapata dawa bila kulipa ni mlango anaoingilia, na hapa ndipo ninapopoteza subira. Mama ambaye presha yake imetulia kwa muda mrefu, anayetumia dawa moja au mbili zile zile, hana sababu ya kuamka alfajiri kila mwezi na kupanda matatu hadi hospitali ya rufaa, Jaramogi Oginga Odinga ambayo wengi wetu bado tunaiita Russia, kisha atoke hapo na cheti cha kununulia dawa kwangu, wakati zahanati iliyo karibu na boma lake ingeweza kumpimia presha na kumpa dawa bila malipo. Watu huiona zahanati kuwa mahali pa watoto wenye malaria. Daktari wa rufaa akishamweka mgonjwa sawa, mwombeni aandike barua ya kumrudisha ngazi ya chini, ikitaja ugonjwa, dawa, kipimo na lini arudi kwake. Barua hiyo ina thamani kubwa zaidi kuliko kadi.

Hata hivyo sitadanganya. Kuna siku ninawaelekeza wazee zahanati huku nikijua kwamba huenda wakaambiwa dawa zimekwisha, kwa sababu kaunti zinaponunua dawa kutoka KEMSA, shirika la serikali la kusambaza dawa, na madeni yakalimbikizana, kituo kidogo ndicho huumia kwanza. Mzee aliyetembea hadi zahanati mara mbili na kurudi mikono mitupu hatanisikiliza mara ya tatu, na simlaumu. Mwongozo utasema magonjwa haya yahudumiwe katika ngazi ya msingi, nami nakubali, lakini mwongozo haupandi bodaboda. Ninachoshauri ni kumpigia simu mhudumu wa afya ya jamii kabla ya safari, maana hao hujua siku mzigo ulipofika, na tangu 2023 wengi wao wamepewa vifaa vya kupimia presha na sukari, kwa hiyo vipimo havihitaji safari kila mara.

Kwa wale wanaodhani tatizo ni bei peke yake, kuna mambo mawili yaliyofanyika nchini humu ambayo hunifikirisha. Mwaka 2015 kampuni ya Novartis ilianzisha Kenya mpango wa kuuza dawa 15 za magonjwa yasiyoambukiza kwa dola 1 kwa matibabu ya mwezi. Watafiti waliufuatilia katika kaunti nane, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kwamba katika mwaka wa kwanza mpango ulibadilisha kidogo sana kile ambacho wagonjwa walikuwa nacho nyumbani. Upande mwingine, AMPATH, ule ushirikiano wa vyuo vikuu na hospitali uliokulia Eldoret, ulianzisha maduka ya dawa yanayojizungusha, Webuye ikiwa miongoni mwa sehemu za mwanzo. Duka hilo hukaa ndani ya hospitali ya umma, huuza kwa bei nafuu pale tu famasia ya serikali inapoishiwa, na faida yote hurudi kununua mzigo mwingine. Upatikanaji wa dawa ulipanda sana katika vituo hivyo. Dawa ya bei ndogo isiyokuwapo ina msaada mdogo kuliko dawa ya bei ya kati iliyopo kila wiki, na kama una mzee upande wa Bungoma au Uasin Gishu, uliza hospitalini kama kuna duka la namna hiyo kabla ya kuvuka barabara kwenda kwa kemisti.

Nije sasa kwa lile linalonikera kuliko yote, nalo ni neno "orijino". Mtu hana pesa, anakopa, mzee anakosa dozi, na bado anataka Norvasc (amlodipini ya presha kwa jina la kampuni ya mwanzo) au Glucophage (metformini ya kisukari) kwa sababu jirani amemwambia kwamba jeneriki, yaani dawa ile ile kutoka kampuni nyingine, "ina asilimia themanini tu ya dawa". Ninajua namba hiyo ilikotoka, na ninatamani aliyeitoa darasani angeieleza vizuri. Kampuni inapotaka kuonyesha kwamba amlodipini yake ni sawa na ile ya mwanzo, huwapa watu dawa zote mbili kwa nyakati tofauti na kupima kiasi kinachoingia katika damu. Uwiano wa viwango hivyo, pamoja na upana wote wa makadirio ya kitakwimu, lazima ukae kati ya asilimia 80 na 125. Kwa kuwa ni upana wote unaopaswa kuenea humo, wala si wastani peke yake, wastani wenyewe hauna budi kuwa karibu sana na mia. Kidonge cha miligramu 5 kina miligramu 5. Hakuna mtu aliyekupunja sehemu ya tano.

Dawa chache, kama fenitoini ya kifafa na wafarini ya kuzuia damu kuganda, zina nafasi ndogo kati ya kipimo kinachofaa na kinachodhuru, na kwa hizo ninapendelea mgonjwa abaki na mtengenezaji mmoja. Kwa amlodipini, losatani na metformini, kulipa mara kadhaa zaidi kwa sababu ya jina ni kuchoma pesa. Wasiwasi wangu wa kweli kuhusu dawa nafuu uko kwingine. Kwanza ni joto: pakiti nyingi zimeandikwa zisizidi nyuzi 30, na mchana wa Kisumu ndani ya kibanda cha mabati haujasoma pakiti. Pili ni rangi. Mwezi huu mzee amepewa kidonge cheupe cha duara, mwezi ujao dawa ile ile kutoka kampuni nyingine ni ya manjano, naye kwa busara kabisa huamua kwamba ni dawa mbili na kuzimeza zote. Kila mzee akibadilishiwa pakiti, aambiwe wazi, na ile ya zamani iondolewe kabatini.

Jina kwenye cheti lina athari nyingine. Madaktari wengi siku hizi huandika kidonge kimoja chenye dawa mbili au tatu ndani yake, kwa jina la kibiashara, na mapendekezo ya Shirika la Afya Duniani ya 2021 yanawaunga mkono kwa kuwa mgonjwa mwenye kidonge kimoja husahau mara chache. Nakubaliana nao mpaka ninapotazama rafu ya zahanati, ambako dawa hizo ziko moja moja na mchanganyiko haupo. Kwa mzee anayetegemea zahanati, mwombeni daktari aandike majina ya dawa zenyewe, moja moja. Wenzangu wengine watanipinga kwa hili, nami siwezi kusema wamekosea, ila kidonge bora ambacho mama hakinunui hakimshushii presha.

Kabla ya kutafuta punguzo, angalieni pia kama dawa zote zinahitajika. Hadithi ya kawaida ni hii: magoti yanauma, mzee ananunua diklofenaki ya maumivu bila cheti na kuitumia kwa miezi. Dawa hiyo huzuia chumvi mwilini na kupandisha presha, kwa hiyo kliniki inaongeza amlodipini. Amlodipini ikizidi huvimbisha vifundo vya miguu, kwa hiyo mwingine anaongeza furosemidi ya kutoa maji, ingawa uvimbe huo hautokani na maji kuzidi mwilini bali na mishipa midogo kulegea. Furosemidi inashusha potasiamu, anapewa tembe za potasiamu. Diklofenaki inamuunguza tumbo, anapewa omeprazoli. Sasa kijana yuko mbele yangu akilalamika juu ya bei ya dawa tano, wakati chanzo cha nne kati yake ni ile ya kwanza, ambayo hata haimo kwenye cheti. Leteni mfuko mzima wa dawa, pamoja na za mitishamba na zile za kununuliwa sokoni, kwa daktari au kwa mfamasia mmoja anayemjua mzee huyo, na mzipitie moja moja. Msizikate nyumbani wenyewe, kwa sababu dawa kama atenololi ya presha ikiachwa ghafla inaweza kuleta maumivu ya kifua au hata mshtuko wa moyo.

La mwisho ni namna pesa zinavyoingia. Fedha za Inua Jamii mara nyingi hufika zikiwa zimelimbikizwa kwa miezi, ilhali wazee wengi hununua vidonge vya siku tano tano, jambo ambalo huwagharimu zaidi na kuacha mapengo katikati. Pesa zikifika, nunueni vidonge vya presha vya miezi miwili au mitatu kwa pamoja, vikiwa katika pakiti zake, baada ya kusoma tarehe ya mwisho wa matumizi, na mzee akiwa katika chama, hakuna ubaya wanachama wenye dawa ile ile wakaulizia bei ya boksi zima. Insulini ni tofauti. Msimnunulie ya miezi mitatu kama nyumbani hakuna friji: chupa inayotumika hukaa ndani ya mtungi wa udongo wenye maji, mahali pa kivuli, ikiwa imefungwa katika mfuko wa plastiki, na zile ambazo hazijafunguliwa zibaki kwenye friji ya kituo cha afya kama watakubali kumhifadhia.