Banda la kivuli, si jumba la vioo: mimea ya mapambo Unguja na Pemba

Anayetaka kuanzisha mkusanyo wa mimea ya mapambo Zanzibar mara nyingi huanza na picha ya Ulaya kichwani: vioo juu, vioo pembeni, mlango umefungwa. Jumba la mitende la Kew, London, lililojengwa kati ya 1844 na 1848, lilifungwa hivyo kwa sababu nje kuna baridi, na chini ya sakafu yake yaliwekwa maboila ya kulipasha moto. Sisi joto tumepewa bure. Ukifunika banda kwa nailoni na kuziba pembeni, saa sita mchana wa Februari ndani hupita nyuzi 40. Okidi zinaungua majani na kangaga zinakauka ncha. Banda la huku lina kazi nyengine: kupunguza jua, kuvunja upepo wa chumvi, na kuitenga mimea na maji ya chokaa.

Neti nyeusi ya kivuli huuzwa kwa asilimia ya mwanga inaouzuia. Vanda na Dendrobium, ambazo ni okidi, zinatosheka na 50. Anthuriamu na okidi ya Phalaenopsis zinataka 70 hadi 75, kangaga 80. Neti mbili za 50 zikipandana hukupa 75, si 100, kwa hiyo usiogope kuongeza tabaka pale mimea inapolalamika. Itundike mita 3 juu au zaidi. Neti ya chini hushika joto. Tena usisahau pembeni. Tuko nyuzi 6 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la mchana wa Juni huinamia kaskazini kwa nyuzi 30 hivi, na la Disemba huinamia kusini kwa nyuzi 17. Aliyeweka neti ya kusini tu hushangaa Juni inapofika na benchi la kaskazini likaanza kuwa na mabaka meupe ya kuungua.

Makuti yanapendeza na yanapoza, lakini hudondosha maji ya rangi na kuficha wadudu. Juu ya Phalaenopsis mimi siyataki. Hizo zinahitaji nailoni angavu juu ya neti wakati wa masika, pembeni kukiwa wazi kabisa, kwa sababu maji yakilala usiku katika moyo wa mmea, moyo huoza, na Phalaenopsis haina moyo wa pili. Kusi nalo linapovuma kutoka baharini, panda ua wa miti upande huo badala ya ukuta: ukuta huurusha upepo juu ukaangukia ndani, ua huuchuja. Baada ya siku ya upepo mkali, osha majani kwa maji baridi yasiyo na chumvi.

Sasa maji, ambayo ndiyo huua mikusanyo mingi kimyakimya. Maji ya visima vyetu hupita katika mawe ya matumbawe na kubeba chokaa. Dalili ya kwanza ni ukoko mweupe juu ya majani na midomo ya vyungu. Ya pili huchukua miezi: majani machanga yanakuwa manjano huku mishipa ikibaki kijani. Watu huongeza mbolea, na hali huzidi. Mmea umekosa chuma: kimo ndani ya chungu, ila pH (kipimo cha uchachu; ikipanda, uchachu umepungua) imepanda na mizizi haiwezi kukichukua. Dawa ni maji ya mvua. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1, kwa hiyo paa la mita 6 kwa 8 likipata mvua ya milimita 10 hukusanya kama lita 480. Maji ya dakika za mwanzo yaache yaende. Yamebeba vumbi, chumvi na kinyesi cha ndege. Kiangazi tangi likikauka na ikabidi kutumia maji ya mfereji, tia asidi ya ndimu ya unga kidogo kidogo hadi kipimo kisome pH 6. Kiasi cha kukariri hakipo, kwani maji ya kisima cha uwandani, penye mawe ya matumbawe, si sawa na ya kisima cha kwenye kinongo, yaani udongo mwekundu.

Kwa sababu hiyohiyo, usiweke kokoto za matumbawe chini ya chungu. Zinapitisha maji vizuri, ni kweli, na zinayeyusha chokaa kila unapomwagilia. Vunja vigae au vyungu vya udongo.

Tunayo makumbi, na hapo tuna bahati kubwa kuliko Ulaya, lakini uliza yametoka wapi. Yale yaliyofukiwa pwani ili kutoa usumba yamejaa chumvi. Hata makumbi makavu ya shambani yana potasiamu na sodiamu nyingi. Yakate vipande vya sentimita 2, yaloweke siku nzima, mwaga maji, rudia mara tatu. Mara ya nne loweka usiku mmoja katika maji yenye gramu 20 za nitrati ya kalsiamu kwa kila lita 10, kisha suuza. Maji yanayotoka yakisoma chini ya milisimensi 0.5 kwa sentimita (kipimo cha chumvi iliyomo majini), makumbi yako tayari. Kwa anthuriamu changanya sehemu 2 za makumbi hayo, 1 ya makaa, 1 ya vigae. Vanda haitaki chochote, itundike mizizi wazi. Imwagilie kati ya saa moja na saa tatu asubuhi mpaka mizizi ibadilike kutoka rangi ya fedha kuwa kijani. Mbolea ya 20-20-20, gramu 1 kwa lita, mara moja kwa wiki inatosha okidi zote.

Chungu wa majimoto mnazini ni rafiki, humfukuza kunguni anayeharibu nazi changa. Bandani ni mchungaji: anawalinda wadudu gamba na vidung'ata ili anywe utamu wao. Ukiona safu ya chungu hao juu ya benchi, geuza majani, utawakuta. Nyunyiza jioni mililita 5 za mafuta ya mwarobaini na 2 za sabuni ya maji kwa lita. Miguu ya benchi isimame katika vikopo vya maji yenye sabuni. Konokono nao watazuilika kwa sehemu. Doa laini lenye maji kwenye jani la okidi ni bakteria: kata sentimita 2 ndani ya jani zima kwa kisu kilichopitishwa motoni, pakaza unga wa mdalasini. Usiutie kwenye mizizi, huikausha.

Kuhusu cha kukusanya, ninashangaa mabanda yanayojaa okidi za Thailand na kukosa mpapindi, mtende wa Pemba pekee (Chrysalidocarpus pembanus, vitabu vingi bado vinauita Dypsis pembana). Mbegu zake zipandwe mbichi. Zamioculcas zamiifolia ni ya ukanda wetu, na wageni wanaiuza kwa jina la Zanzibar. Ina viazi vya kuhifadhi maji, kwa hiyo ikauke kabisa kabla ya kumwagiliwa tena. Mwaka 1882 Joseph Hooker, mkuu wa bustani ya Kew, aliliita ua moja Impatiens sultani kwa heshima ya Sultani wa Zanzibar, kwa mimea iliyopatikana kupitia John Kirk, konseli wa Uingereza Zanzibar. Leo linahesabiwa ndani ya Impatiens walleriana. Usichimbe chochote katika misitu ya hifadhi ya Ngezi wala Jozani. Okidi na saikadi (mimea ya kale inayofanana na mitende mifupi) zimo katika CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, na mmea wa kutoka nje unahitaji kibali cha kuingizia pamoja na cheti cha afya ya mimea.

Kila mmea upewe namba siku unapoingia: mwaka, kisha mfululizo, kama 2025-017. Daftarini andika jina, ulikotoka, nani alitoa, tarehe. Mmea ukigawanywa, kila kipande kibebe namba ileile na herufi. Wino wa kalamu ya alama hufutika kwa jua ndani ya msimu mmoja. Kata ukanda wa kopo la soda, andika kwa msumari ukibonyeza, funga kwa waya wa shaba kwenye chungu na si kwenye shina.