Lichi si msukule: dhana potofu kuhusu mchawi anayejigeuza mfu katika Dungeons & Dragons

Wachezaji wengi wa Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa kurusha dadu, wanamjua lichi kwa sura tu: fuvu lenye macho yanayowaka, joho lililochakaa, fimbo mkononi. Wakikutana naye mezani wanamchukulia kama mifupa mingine yoyote, ila yenye nguvu zaidi, na hapo adui bora kuliko wote katika mchezo huu anapotea bure. Nisipotaja toleo jingine, nafuata kanuni za toleo la tano, zile za 2014.

Dhana: Lichi ni aina ya msukule.

Msukule hufanywa na mtu mwingine, kisha akatumikishwa. Lichi amejifanya mwenyewe. Uchawi wa kuamsha maiti unaotumika mchezoni hutoa mifupa na mizoga inayotii amri, na ule mkubwa zaidi wa kuumba wafu, hata ukitumiwa kwa ngazi ya 9, unaishia kwenye mumia. Hakuna uchawi wa kumgeuza mwenzako lichi.

Njia yenyewe ni ndefu na chafu. Mchawi hutafuta siri kwa mashetani, wengi wakimwendea Orcus, mkuu wa mashetani anayetawala wafu. Hutengeneza hirizi, kwa kawaida kijisanduku cha kuvaliwa, na ndani yake alama za kumfunga huchorwa kwa fedha. Kisha hunywa sumu iliyochanganywa na damu ya kiumbe mwenye akili, ambaye roho yake imetolewa kafara kwa hirizi hiyo. Anaanguka, anakufa, anaamka. Tangu hapo roho yake imo kwenye hirizi.

Dhana: Akishageuka, ameshalipa.

Hili ndilo kosa linaloniuma zaidi, maana linaondoa kiini cha kiumbe huyu. Lichi hudaiwa daima. Hirizi lazima ilishwe roho za watu: huwafungia humo kwa uchawi, na baada ya saa 24 roho imeliwa kabisa, hakuna wa kuirudisha isipokuwa mungu mwenyewe aingilie kati. Akizembea, mwili unaanza kumomonyoka hadi linabaki fuvu. Acererak, fuvu linalonyonya roho ndani ya kisa cha mchezo kiitwacho *Tomb of Horrors*, ndiye mfano maarufu wa hali hiyo. Gary Gygax, mmoja wa waasisi wa mchezo huu, alikiandaa kisa hicho kwa mashindano ya michezo ya Origins ya 1975, kikachapishwa 1978.

Kwa msimamizi wa mchezo, yule anayeongoza hadithi mezani, njaa hii ni hadithi iliyokwisha kuandikwa nusu. Roho zinatoka wapi? Nani anamletea? Kijiji gani kinapoteza watu kila msimu wa mavuno na wazee wake wananyamaza? Wachezaji wakianza kuuliza maswali hayo, lichi yupo mezani hata kabla hajaonekana.

Dhana: Pointi za uhai zikifika sifuri, kazi imekwisha.

Pointi zake za uhai ni 135 kwa wastani, na kikundi hodari kinaweza kuzimaliza mapema. Lakini msimamizi atarusha dadu ya pande 10, na baada ya siku kadiri ya namba itakayotoka lichi ana mwili mpya, mzima, hatua mbili kutoka ilipo hirizi. Na kuipata hirizi si kuivunja: huenda ikahitaji ibada, kifaa au silaha maalumu, na kila moja ina siri yake. Toleo la 3.5 lilikuwa na hesabu ya wazi zaidi: hirizi ya kawaida ilikuwa na pointi 40 na ugumu wa 20 (kila pigo lilipunguzwa kwa kiasi hicho), na kuitengeneza kuligharimu vipande 120,000 vya dhahabu.

Dhana: Malichi ni wachawi waliojifunza uchawi vitabuni tu, na wote ni waovu.

Katika toleo hilohilo la 3.5, hata kuhani aliyefika ngazi ya 11 aliweza kuwa lichi. Na katika ulimwengu wa Forgotten Realms wapo baelnorn, elfi waliochagua hali hii ili walinde koo zao na elimu yao.

Dhana: Mhusika wangu akifika ngazi ya juu, anaweza tu kuamua kuwa lichi.

Kitabu cha wachezaji cha 2014 hakina uchawi huo wala bei yake. Mwenye uamuzi ni msimamizi. Toleo la 3.5 liliruhusu, ila lilimhesabu mhusika kana kwamba amepanda ngazi 4 zaidi. Zungumzeni na kikundi mapema, kwa sababu wenzako ndio watakaokaa meza moja na mtu anayehitaji roho za kulisha hirizi.